Deni la Shamba kwa Pori

Mtu alaye mkate huuona mkono uliomkatia. Akifikiri zaidi humwona mwokaji, na akifikiri zaidi ya hapo humwona mkulima. Ni nadra fikira yake kuvuka mpaka wa shamba ikaingia porini. Kwa desturi ya mawazo ya watu, shamba na pori ni mahasimu wawili: moja likipanuka, jingine hupungua, moja ni kazi, jingine ni uvivu, moja ni mali, jingine ni ardhi iliyopotea bure. Desturi hiyo ni kongwe, na kwa kuwa ni kongwe hudhaniwa kuwa ni kweli. Lakini nafaka yenyewe, ikichunguzwa nasaba yake, hutoa ushahidi mwingine. Huonyesha kwamba shamba ni mtoto wa pori, tena mtoto ambaye hajaachishwa ziwa. Kutokana na ushahidi huo huzuka swali ambalo si la wakulima peke yao, bali la kila mtu apendaye haki: shamba lina deni gani kwa pori, na deni hilo alipwe nani?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini kuna mahali ambapo ardhi yenyewe yaliuliza. Chini ya milima ya Mbulu, katika Mkoa wa Manyara, liko bonde la Yaeda Chini, nchi ya joto, ya mibuyu na miti ya miiba, yenye mbuga ya maji ambayo hujaa masika na kukauka kiangazi. Huko huishi Wahadza, watu wachache wanaozidi elfu moja kidogo, ambao tangu kale wametegemea uwindaji, asali, mizizi na matunda ya mwitu. Juu yao, kwenye nyanda za baridi, Wairaki hulima. Upande wa Hanang zimetanda nyanda za Basotu, ambazo zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, mpaka zilipogeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano. Hivyo mwindaji, mfugaji na mwenye trekta wamekuwa majirani. Kama kuna mahali pa kupimia deni la shamba kwa pori, ni hapo.

Yafaa kuanza na nasaba ya ngano, maana mdaiwa hujulikana kwa mali aliyonayo. Ngano ya mkate si mmea wa ukoo mmoja. Ina kromosomu 42, nazo ni mafungu matatu ya 14 yaliyotoka kwa majani matatu mbalimbali. Majani mawili ya kwanza yaliungana porini, katika nchi za Mashariki ya Kati, kabla mtu hajajua kulima. La tatu, liitwalo Aegilops tauschii, liliingia baadaye, yapata miaka elfu nane au zaidi iliyopita, pale ngano ya kale ilipopandwa karibu na Bahari ya Kaspi na jani hilo likaota kando yake kama gugu. Mkulima wa siku zile bila shaka aling'oa magugu hayo kwa hasira. Hakujua kwamba katika mashina yaliyomponyoka lilikuwamo lile ambalo lingewapa wajukuu wake mkate unaoumuka. Siri hii ilifumbuliwa mwaka 1944, na wataalamu wa Japani na wa Marekani, kila upande kwa peke yake, wakati mataifa yao yalipokuwa yakiuana vitani. Watu waliogawanyika kwa damu waligundua kwamba mkate wao umeunganishwa kwa damu. Funzo hilo lingetosha, lakini mambo hayakuishia hapo.

Binadamu alipokwisha kuona jinsi maumbile yalivyochanganya, alitaka kuchanganya kwa mkono wake mwenyewe. Mbegu chotara ni ile itokanayo na wazazi wawili wa nasaba mbalimbali waliokutanishwa makusudi, ili mtoto apate nguvu isiyokuwa kwa baba wala kwa mama. Nguvu hiyo huwa kubwa wazazi wakiwa wametoka mbali. Wakiwa ndugu wa karibu, faida huwa haba. Afrika Mashariki ilipata mfano wake mwema huko Kitale, nchini Kenya, ambako mahindi yaliyokuwa yamezoea nyanda za juu yalipandishwa na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, upande wa pili wa dunia. Mwaka 1964 chotara aliyeitwa H611 alitolewa kwa wakulima, na mazao yake yaliwapita wazazi wote wawili. Wakulima wa Ecuador walioichagua mbegu ile, mwaka baada ya mwaka, pengine hawakupata kusikia jina la Kitale.

Katika mahindi kazi hii ni nyepesi, kwa kuwa mhindi huweka ua la kiume kileleni na la kike ubavuni. Likikatwa la kileleni, mmea umekuwa mama. Ngano haina hisani hiyo. Kila ua lake lina ume na uke ndani ya ganda moja, nalo hujitungisha kabla halijafunguka vizuri. Kuliondolea kila ua vifuko vya chavua kwa koleo kwawezekana katika chungu cha mtafiti. Katika shamba hakuwezekani. Ilihitajiwa ngano ambayo kwa asili yake ni gumba upande wa kiume. Mtaalamu Kihara wa Japani alionyesha njia mwaka 1951 kwa kutumia jani la mwitu, na mwaka 1962 Wilson na Ross, huko Kansas, walipata dawa iliyofaa zaidi. Waliipata katika Triticum timopheevii, nafaka duni iliyolimwa na wakulima wachache katika pembe moja ya Georgia ya Magharibi. Ngano ya kawaida ikiwekwa katika utomvu wa nafaka ile, hukosa chavua hai. Ikipewa baba mwenye jeni ya kuurudisha uzazi, huzaa chotara.

Hata leo chotara wa ngano hajaenea sana: mbegu yake ni ghali kuizalisha, na mashamba yake ni sehemu ndogo ya mashamba yote ya ngano duniani. Lakini ukubwa wa eneo sio jambo linalohusika hapa. Linalohusika ni kwamba ufunguo wa mlango uliowashinda wenye maabara ulikuwa mfukoni mwa maskini. Hakuna aliyewapa wakulima wale wa Georgia mshahara wa kuihifadhi nafaka yao, wala hakuna aliyewaambia kwamba wameshika kitu cha thamani. Laiti wangelishawishiwa mapema kuiacha na kupanda mbegu iliyosifiwa zaidi, ufunguo ule ungalipotea, na hakuna mtu ambaye angalijua kwamba umepotea. Huu ndio ubaya wa hasara ya namna hii: haina msiba, kwa sababu haina anayemjua marehemu.

Habari za kutu ya shina zinaeleza jambo lilo hilo kwa sauti ya juu zaidi, tena karibu zaidi na nyumbani. Kutu ni ugonjwa wa kuvu ambao huweza kuyageuza mashamba yaliyokaribia kuvunwa kuwa makapi. Lord Delamere alipoanza kupanda ngano huko Njoro mwanzoni mwa karne ya ishirini, kutu ilimfilisi mashamba yake, akalazimika kumwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu. Kituo cha utafiti kilisimamishwa Njoro mwaka 1927. Mbegu zilizotokana na mapambano hayo zilisafiri. Katika miaka ya 1940 Norman Borlaug alizitumia Mexico, na mojawapo ya ngano zilizozaliwa huko iliitwa Kentana, jina lililounganisha Kenya na Mentana ya Italia. Hivyo Afrika Mashariki ilikopesha.

Baadaye ilikopa. Wakulima wa dunia nzima walikuwa wameegemea jeni moja, Sr31, iliyotoka kwa rai, nafaka iliyo jirani ya ngano. Jeni hiyo ilifanya kazi vizuri mno, na kwa sababu hiyo ilipandwa mahali pengi mno. Mwaka 1998 kutu mpya ilionekana Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda; mwaka uliofuata ilitambuliwa kuwa ina uwezo wa kuishinda Sr31, ikapewa jina la Ug99. Ilikwenda Kenya, ikaenda Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen, na mwaka 2007 ilikuwa imekwisha kufika Iran. Wataalamu waligeukia kinga nyingine. Sr24, iliyotoka kwa jani la mwitu, ilishindwa na mzao wa kutu ile nchini Kenya mwaka 2006. Sr36, iliyotoka kwa ile ile Triticum timopheevii ya Georgia, ilishindwa mwaka 2007. Njoro pakawa mahali pa kujaribia ngano za mataifa mengi, na watafiti wakarudi tena kupekua ngano za kale, nafaka za vijijini na majani ya mwitu, ikiwa ni pamoja na lile gugu la Bahari ya Kaspi, wakitafuta kinga mpya.

Katika habari hizi mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba shamba la namna moja lina nguvu ya askari aliyevaa ngao moja: adui akijua mahali pa kuitoboa, jeshi zima limekwisha. La pili ni kwamba shamba halikupokea zawadi ya pori mara moja likaondoka. Hurudi kila kizazi kuomba tena. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Ngano ingali yazaa, na kila izaapo kwa shida, mkunga wake ni pori au mkulima mdogo aliyedharauliwa. Wenye akili timamu hawamchomei mkunga nyumba.

Hata hivyo, nyumba ya mkunga imechomwa mara nyingi, na Hanang ni mfano. Tangu miaka ya 1970 Tanzania, kwa msaada wa Canada, iliendesha mpango mkubwa wa ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilikuwa na mashamba saba, kila moja la ekari zipatazo 10,000. Nia ya mpango ilikuwa njema: taifa changa lilitaka kula mkate wake bila kupiga magoti kwa wageni. Kosa lilianza katika kuitazama ardhi. Waliokuja na matrekta waliona nyika tupu. Wabarabaig waliona kitu kingine. Walizigawa nchi zao kwa majira na kwa aina ya majani. Nyanda zenye rutuba, walizoziita muhajega, zililishwa kwa wakati wake, kisha zikaachwa zipumzike ng'ombe walipohamishiwa kwingine. Kupumzika huko ndiko kulikodhaniwa kuwa utupu. Ni sawa na mtu kuingia nyumbani mwa mwenziwe mchana, akakuta kitanda hakina mtu, akahukumu kwamba hakina mwenyewe.

Plau haikupita juu ya majani peke yake. Wabarabaig huwazika wazee wao wa heshima chini ya vichuguu vya udongo viitwavyo bung'eda, na baadhi ya makaburi hayo yalilimwa. Wenyeji walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw na wenziwe walilishtaki shirika. Mwaka 1984 Mahakama Kuu huko Arusha iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Katika rufani ilionekana kwamba kuwapo kwa kijiji katika eneo hakuthibitishi peke yake kwamba ardhi ya eneo hilo ni mali ya kijiji. Sheria ilisema ilivyosema. Lakini mahakama hupima hati na ushahidi. Maadili hupima zaidi ya hapo. Swali la maadili si kama Wabarabaig walikuwa na karatasi, bali kama ilikuwa halali kuiita tupu nchi ambayo watu walizaliwa, walilisha na kuzikana ndani yake.

Hapana budi kumsikiliza mpinzani, maana hoja isiyojaribiwa ni kama mbegu isiyooteshwa. Mpinzani atasema: njaa haina adabu wala historia. Watoto wa mjini wanataka chakula, na mtu mwenye ekari 70,000 za ardhi nzuri hawezi kuziacha kwa ajili ya ng'ombe na makaburi. Ataongeza kwamba majani ya Yaeda na Hanang si jamaa za ngano. Jamaa zake ziko Mashariki ya Kati na Kaukasi. Basi kulitetea pori la Manyara kwa habari za Georgia ni kumlipa Juma deni la Hamisi. Hoja hizi mbili ni nzito, na kila moja yastahili jibu lake.

Kuhusu njaa, kuna kisa kimoja ambacho kila azungumzaye juu ya mbegu na chakula hana budi kukikumbuka. Mtaalamu wa Kirusi Nikolai Vavilov alizunguka dunia akikusanya mbegu. Alifika hata Ethiopia mwaka 1927. Hazina yake iliwekwa Leningrad. Mwaka 1941 mji ule ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani, na mazingira hayo yalidumu mpaka Januari 1944. Watu walikufa njaa kwa malaki. Ndani ya chuo cha Vavilov mlikuwa na ngano, mchele, njugu na viazi. Baadhi ya watumishi wake walikufa njaa wakivilinda, wasile. Vavilov mwenyewe, aliyekwisha kutiwa gerezani na serikali yake, alikufa huko Saratov mwaka 1943. Watu hawa walikuwa na njaa halisi, si ya kuhutubia; nao waliamua kwamba njaa ya siku moja haina haki ya kula mbegu ya siku zote.

Lakini kisa hiki chataka kusomwa kwa uangalifu, maana kina ncha mbili. Mtu aweza kukitumia kusema kwamba wachache hawana budi kuteseka kwa ajili ya wengi. Sivyo kinavyosema. Walinzi wa Leningrad walijitoa wenyewe; hakuna aliyewatoa. Walikijua kitu walichokilinda, walizijua gharama zake, wakachagua. Wabarabaig hawakuchagua. Hapa ndipo panapopita mpaka kati ya kafara na dhuluma: kafara ni mtu kutoa chake kwa ridhaa, dhuluma ni mtu kutoa cha mwenziwe kisha akajisifu kwa ukarimu. Taifa lina haki ya kuwaomba raia zake wajinyime, na raia wema hujinyima. Lakini ombi lisiloweza kukataliwa si ombi, na mchango wa anayefukuzwa si mchango. Kama mkate wa mjini ulihitaji malisho ya Basotu, haki ilitaka wenye malisho waulizwe kwanza, wasikilizwe, na wapewe sehemu ya mkate wenyewe. Njaa yaweza kuwa sababu ya kuomba. Haiwi kamwe sababu ya kutouliza.

Kuhusu hoja ya pili, ni kweli kwamba ngano haina jamaa katika Yaeda Chini. Lakini ngano si nafaka pekee, wala deni la shamba si la ngano peke yake. Wahadza huchimba mizizi iitwayo kwa lugha yao ekwa, na mojawapo iliyo maarufu, Vigna frutescens, ni ya jenasi moja na kunde ambazo hulimwa Afrika nzima. Hakuna awezaye kuapa leo kwamba kunde hazitahitaji kitu kutoka kwa jamaa zake wa mwitu, kama vile hakuna aliyeweza kuapa hapo kale kwamba gugu la Bahari ya Kaspi halina kazi. Neno "haifai" ni neno la nabii, na wengi walitumialo si manabii. Binadamu aweza kusema "haijafaa bado". Zaidi ya hapo amevuka mpaka wa elimu yake.

Basi yaelekea hoja imekwisha: lihifadhiwe pori kwa sababu huenda likafaa, na wahifadhiwe wakazi wake kwa sababu wao ndio walijuao. Wengi hukomea hapa, wakaona wameshinda. Kumbe hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Atakayesema kwamba Wahadza waachiwe nchi yao kwa kuwa wanatunza nasaba za mimea amewageuza watu kuwa ghala. Amewapa haki yenye sharti: siku ghala litakapoonekana tupu, au siku mbegu zitakapokwisha kuchukuliwa na kuwekwa katika masanduku ya baridi, haki nayo itakwisha. Mbegu yaweza kuwekwa katika benki ya mbegu. Tanzania inayo hazina yake Arusha, na dunia ilifungua yake kubwa huko Svalbard mwaka 2008. Mtu hawekwi katika benki. Mbegu hungoja kutumiwa. Mtu haishi kwa kungoja kutumiwa na mwenziwe.

Historia ya Yaeda Chini yaonyesha kwamba ubaya waweza kuja hata kwa sura ya wema. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadza pamoja Yaeda Chini, wapewe chakula, shule na matibabu, wafundishwe kulima. Maradhi yaliwashambulia waliokusanyika, baadhi walikufa, na wengi wakarudi porini. Waliowaleta hawakuwachukia, walitaka kuwasaidia wawe watu wa namna iliyodhaniwa kuwa ndiyo pekee. Tena ngano ya Hanang ilipowasukuma wafugaji kutoka nyanda zao, baadhi yao walitafuta malisho katika nchi ya Wahadza. Mwenye kudhulumiwa akawa mzigo kwa aliye mdogo kuliko yeye. Hivi ndivyo deni lisilolipwa linavyotembea. Halifi, hushuka kutoka bega moja hadi jingine, mpaka limfikie asiye na wa kumshushia.

Jibu la swali, basi, lina sehemu mbili, nazo hazifai kuchanganywa. Sehemu ya kwanza ni ya faida. Shamba limekopa kutoka porini na kwa wakulima wadogo, nalo litakopa tena. Kwa hiyo akili ya kawaida yataka lililokopwa lirudishiwe kitu. Mataifa yalianza kulikiri jambo hili. Mwaka 1983 walikubaliana, chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwamba nasaba za mimea ni urithi wa wanadamu wote. Lakini urithi wa wote ulikuwa mara nyingi mavuno ya wenye maabara. Mkataba uliopitishwa Roma mwaka 2001, ukaanza kutumika mwaka 2004, ulitambua haki za wakulima na ukaweka njia ya kugawana faida. Ni hatua njema, ingawa fungu la mkulima katika fungu kubwa la mbegu bado ni jembamba. Naye mnunuzi wa chotara apaswa kukumbukwa: akiihifadhi mbegu ya mavuno yake na kuipanda, mimea hutawanyika katika tabia mbalimbali, na nguvu ile hupungua, hivyo kila msimu hurudi dukani. Si haramu mtu kuuza kazi yake. Lakini mwenye kuuza mbegu iliyotengenezwa kwa urithi wa wengi hana haki ya kusahau kwamba sehemu ya bei yake si jasho lake.

Sehemu ya pili ni ya haki, nayo haitegemei faida. Watu wana haki ya nchi yao kwa kuwa ni watu na kwa kuwa ni nchi yao. Mwaka 2011 Wahadza wa Yaeda walipata hati za kimila za ardhi ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000. Tangu miaka hiyo pia wakazi wa bonde wamekuwa wakipata malipo kwa kuitunza misitu yao, chini ya biashara ya hewa ya ukaa. Malipo hayo ni mema, maana mtunzaji asiyelipwa huchoka. Hati, lakini, ni njema zaidi, kwa sababu bei ya hewa hupanda na kushuka, na haki haifai kupanda na kushuka pamoja nayo. Mwenye hati aweza kusema ndiyo, na aweza kusema la. Asiyeweza kusema la, hata ndiyo yake haina thamani.

Kwa mizani hii yaweza kupimwa kazi ya mtaalamu wa mbegu. Kazi yake ni tukufu. Dharau kwa elimu si uadilifu, na mwenye shibe asimkejeli aongezaye chakula. Elimu yenyewe imemfundisha mambo ambayo wahubiri wengi walishindwa kuyafundisha: kwamba nguvu haikai katika namna moja, kwamba aliye mbali huleta lisilokuwapo nyumbani, kwamba gugu la leo laweza kuwa kinga ya kesho. Yampasa kulichukua funzo hilo kutoka chunguni mpaka nchini. Haifai mtu aheshimu tofauti za majani na kuzidharau tofauti za watu. Wala haifai amshukuru mzazi wa mbegu na kumfukuza mlinzi wa mzazi huyo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Shamba haliwezi kulilipa pori kwa ngano, maana pori halili ngano. Laweza kulilipa kwa mpaka: kujua mahali pa kusimama. Na watu wa porini, wawe wachimbaji wa mizizi katika Yaeda Chini au wachungaji waliohama nyanda za Basotu, hawadai kusifiwa wala kuhifadhiwa kama vitu vya kale. Wadai jambo lililo dogo kwa maneno na kubwa kwa uzito: kabla ya plau kuingia, waulizwe, na wakishajibu, jibu lao lihesabiwe kuwa jibu.